Kutoka Ilongero hadi Makerere: Lugha Tatu za Utafiti wa Anthropolojia Unyaturu

Ilongero ni mji mdogo ulioko kaskazini mwa mji wa Singida, katika nchi ya mtama, uwele na alizeti. Siku hizi ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida. Wenyeji wa sehemu hiyo ni Wanyaturu wa tawi la Wilwana, mojawapo ya matawi matatu makubwa ya watu wanaojiita wenyewe Arimi na ambao lugha yao ni Kirimi. Jina la Wanyaturu limeenezwa zaidi na Kiswahili na utawala kuliko na wenye jina. Majirani zao ni Wanyiramba, Wairaqw, Wabarbaig na Warangi, na kwa hiyo katika soko la mji wa namna hiyo Kiswahili si lugha ya wageni bali ni lugha ya kupatana bei.

Mwanafunzi atokaye huko, akaingia katika maktaba ya chuo kikuu kutafuta yale ambayo wanaanthropolojia wameyaandika kuhusu kwao, hukutana na jambo la kushangaza. Vitabu vipo, tena vyenye sifa. Lakini kile cha Harold K. Schneider, kilichotoka mwaka 1970, kinahusu Wahi, na Wahi ni tawi la kusini. Kile cha Marguerite Jellicoe, The Long Path, kilichotoka mwaka 1978, nacho kinahusu Wahi. Wilwana hutajwa kama ndugu wa mbali wanavyotajwa matangani. Hata hivyo, katika mijadala ya kitaaluma mambo ya Wahi yaligeuka upesi kuwa mambo ya “Waturu”, na mambo ya “Waturu” yakawa mfano wa jamii za Kiafrika kwa jumla. Ilongero iliingizwa katika hitimisho bila kuwa imeingizwa katika utafiti.

Hali hii haikutokana na uzembe wa mtafiti mmoja. Ilitokana na njia ambayo maarifa yalipitia kabla ya kufika mezani, na njia hiyo ilikuwa ya lugha tatu. Mambo yalisemwa kwa Kirimi, yakaelezwa kwa Kiswahili, yakaandikwa na kuwasilishwa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo lugha ya katikati ndiyo iliyofanya kazi nzito, na ndiyo iliyofutwa alama zake zote.

Meza yenyewe ilikuwa Makerere. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki ilianzishwa huko Kampala mwaka 1948, na kuanzia mwaka 1950 iliongozwa na Audrey Richards, mwanaanthropolojia aliyekuwa amefanya utafiti miongoni mwa Wabemba wa Zambia ya leo. Chini yake ulijengeka utaratibu ambao wanafunzi wa sasa wa uzamili wangeutambua mara moja. Watafiti vijana, wengi wao wakiwa bado wanaandaa tasnifu zao, walitumwa uwandani kwa miezi mingi. Kisha waliitwa kurudi Kampala, kila mmoja na makala yake iliyochapwa kwa stensili, wakaisoma mbele ya wenzao na kukosolewa. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, makongamano ya sayansi za jamii yalianza kuzunguka kati ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na mzunguko huo uliendelea hata baada ya chuo hicho kugawanyika mwaka 1970 kuwa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa.

Haifai kuyabeza makongamano hayo. Mengi ya yale yanayojulikana leo kuhusu ukoo, ardhi, mifugo na uhamiaji katika eneo hili yalipimwa kwanza katika vyumba vile. Katikati ya Tanganyika pekee, kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, James Woodburn alikuwa kwa Wahadzabe, Peter Rigby kwa Wagogo, George Klima kwa Wabarbaig, na Schneider alikuwa Singida mwaka 1959 na 1960. Ni mara chache sehemu ndogo kiasi hicho kupata macho mengi kiasi hicho kwa wakati mmoja. Lakini aliyekuwa akizungumziwa hakuwepo chumbani. Na hata kama angalikuwepo, asingaliweza kusahihisha neno lake mwenyewe, kwa kuwa neno hilo halikuwa tena katika lugha yoyote aliyoijua.

Mfano mmoja wafaa kuangaliwa kwa makini. Schneider aliandika juu ya uhusiano ambao kwa Kirimi huitwa mbuya: mapenzi baina ya mwanamume na mwanamke walio nje ya ndoa waliyo nayo, yenye taratibu zake, zawadi zake na hatari zake. Makala hayo yalitoka mwaka 1971 katika kitabu kilichohaririwa na Donald Marshall na Robert Suggs, na katika kichwa chake mbuya iligeuka kuwa “mapenzi ya kimahaba” kama yanavyoeleweka na msomaji wa Kimarekani. Sasa jaribu kuirudisha nyuma hatua moja, hadi kwenye Kiswahili, ambamo mtafiti na msaidizi wake aghalabu walikutana. Je, mbuya ni mpenzi? Ni rafiki? Ni hawara? Neno la kwanza ni la nyimbo, la pili linaficha jambo lenyewe, na la tatu linabeba hukumu ya msikiti na kanisa kabla hata ya sentensi kwisha. Mkalimani alilazimika kuchagua. Chaguo lake lilikuwa tayari ni nadharia juu ya jamii yake. Kitabu hakisemi alichagua nini, wala kwa nini.

Jambo la mbojo ni zito zaidi, kwa kuwa lilihusu roho za watu. Katika miaka ya 1940 Singida ilikumbwa na mfululizo wa mauaji ambayo serikali ya kikoloni iliyaeleza kuwa ni kazi ya watu waliojifanya simba. Watu walishitakiwa, na baadhi walinyongwa. Ofisa wa utawala, A. W. Wyatt, aliandika maelezo yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950. Schneider akayapitia upya katika jarida hilohilo mwaka 1962, akiyatazama kutoka upande wa imani za wenyeji. Huko mahakamani na kwenye barza za wakuu wa wilaya, neno la Kirimi lilikuwa limekwisha kuwa “mtu-simba” kwa Kiswahili na kisha jina la Kiingereza lililopendwa na magazeti ya nje. Kila tafsiri ilikaza fundo. Mbojo katika masimulizi ya wenyeji ni jambo lenye sura kadhaa: kuna mwenye kumiliki, kuna anayetumwa, kuna simba. “Mtu-simba” ni kiumbe mmoja, anayeweza kukamatwa na kufungwa pingu. Mtu anayesoma majarida hayo leo, akiwa anajua lugha zote tatu, hawezi kukwepa swali la ni kiasi gani kesi zenyewe ziliamuliwa na msamiati.

Ni haki kusema kwamba Jellicoe aliliona tatizo hili mapema kuliko wengi. Makala zake mbili kuhusu ibada za Wanyaturu, zilizotoka katika jarida la Transition la Kampala mwaka 1967 na 1968, hazikuwa na jina lake peke yake. Majina ya washirika wake, akiwamo Jeremiah Sombi, yaliwekwa pamoja na lake. Kwa wakati ule, ambapo msaidizi wa utafiti alishukuriwa katika aya moja ya dibaji pamoja na mpishi na dereva, hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka 1969 alichapisha katika Tanzania Notes and Records makala juu ya upinzani wa Wanyaturu dhidi ya Wajerumani wa mwaka 1908, ambao ndani yake amo Liti, mwanamke ambaye masimulizi ya Singida humhusisha na nyuki waliowatimua askari. Leo uwanja wa mpira wa mjini Singida una jina la Liti. Wanaojaza majukwaa yake humjua Liti kwa masimulizi ya nyumbani kuliko kwa makala ya jarida.

Wakati Jellicoe akiandika hayo, pale Dar es Salaam palikuwa panafanyika jaribio la namna nyingine. Mwaka 1968, chini ya usimamizi wa John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki walipelekwa kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji katika sehemu zilizopigana vita hivyo, na wengi walikwenda kwao wenyewe. Walihoji babu zao na wazee wa vijiji vyao. Taarifa zao zikakusanywa pamoja, na mpaka leo hakuna anayeandika kwa uzito juu ya Maji Maji bila kuzifungua. Mradi huo uliondoa mkalimani katikati ya anayehoji na anayehojiwa. Haukuondoa Kiingereza mwishoni: mwanafunzi aliyesikiliza kwa Kingoni au Kimatumbi au Kiswahili alirudi chuoni akaandika taarifa yake kwa lugha ya mtihani. Singida haikuwa katika eneo la Maji Maji, na kwa hiyo haikupata hata faida hiyo ya nusu.

Lawama dhidi ya anthropolojia zilipovuma miaka hiyo, zilikuwa kwa kiasi kikubwa lawama juu ya maneno. Okot p'Bitek, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu dini za Kiafrika katika taaluma ya Magharibi, alisimulia jinsi alivyopinga, akiwa mwanafunzi wa Oxford, majina ambayo mwalimu aliwaita Waafrika, na jinsi upinzani wake ulivyopuuzwa. Archie Mafeje, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeongoza Idara ya Sosholojia ya Dar es Salaam kati ya mwaka 1969 na 1971, aliandika mwaka 1971 makala yake mashuhuri juu ya itikadi ya ukabila, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba lugha za wenyeji wa Afrika Kusini hazina neno lenye maana ile ambayo Wazungu wameipa “kabila”. Hoja hiyo ilipokelewa vizuri Dar es Salaam. Lakini ni wachache waliouliza swali lililofuata: je, Kiswahili? Kiswahili kina neno hilo, kimelichukua kutoka Kiarabu, na ndilo neno ambalo karani wa kodi alilitumia kuandika “Mnyaturu” mbele ya jina la mtu wa Ilongero ambaye, akiulizwa kwa Kirimi, angalijibu kwa jina la ukoo wake au la nchi yake. Lugha ya katikati haikuwa bomba tupu la kupitisha maji. Ilikuwa na chumvi yake.

Na chumvi hiyo ilibadilika kadiri siasa ilivyobadilika. Kabla ya uhuru, neno la kawaida la Kiswahili la kueleza uhusiano wa watu wa jamaa moja, jambo ambalo ndilo kiini cha anthropolojia ya wakati ule, lilikuwa ujamaa. Mwaka 1962 Nyerere aliliteua kuwa jina la siasa yake, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hilo likawa la taifa zima. Faida yake kwa siasa inajulikana. Hasara yake kwa mtafiti wa koo haijazungumzwa sana. Mwanafunzi aliyetaka kueleza kwa Kiswahili ujamaa wa Wilwana, yaani nani ni nani kwa nani, nani anarithi na nani anaoa wapi, alikuta neno lake limekwisha kwenda shamba la kijiji. Ndiyo maana tasnifu za baadaye zinahangaika na nasaba, udugu, uhusiano wa kiukoo na mengineyo, na hakuna moja kati ya hayo linalotosha. Kati ya mwaka 1973 na 1976 jambo lenyewe likafuata neno: kaya zilihamishwa ili ziishi pamoja katika vijiji, na ramani za makazi yaliyotawanyika ambazo watafiti wa miaka ya 1960 walizichora zikageuka kuwa hati za historia kabla wino haujakauka. The Long Path kilipotoka mwaka 1978, nchi kilichoieleza ilikuwa imepangwa upya.

Pembeni mwa meza ya Makerere palikuwa na anthropolojia nyingine, ambayo haikuitwa kwa jina hilo. Mwaka 1954 Mathias Mnyampala alitoa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, majirani wa kusini wa Wanyaturu. Alikiandika kwa Kiswahili. Alikuwa Mgogo akiandika juu ya Wagogo, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa watu wa Dodoma wenyewe, walioweza kumwambia hapa umekosea. Kitabu hicho kina kasoro zake: kinapenda watemi kuliko raia, na kinapanga desturi kama kanuni za mahakama, jambo lisiloshangaza kwa mtu aliyefanya kazi ya uhakimu. Lakini kasoro hizo zilikuwa wazi mbele ya wanaohusika. Kilisubiri hadi mwaka 1995 kutoka kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya Gregory Maddox, na hapo ndipo wengi katika taaluma walipokichukua kuwa kitu cha kunukuliwa. Miaka 41 ni muda mrefu kwa kitabu kusubiri nje ya mlango.

Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1970 ikifundisha kwa Kiswahili chenyewe, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya chuo tangu mwaka 1964. Kwa njia hiyo palipatikana, kwa mara ya kwanza, mahali ambapo mwanafunzi angeweza kuleta data ya uwandani na kuijadili kwa lugha ambayo mhojiwa wake angeielewa. Mwanzoni milango hiyo ilifunguliwa kwa isimu na fasihi. Mila ziliingia kwa mlango wa fasihi simulizi: nyimbo za jando, majigambo, vitendawili, tenzi. Si kosa kusema kwamba sehemu kubwa ya anthropolojia iliyoandikwa kwa Kiswahili imeandikwa na watu waliodhani wanaandika fasihi.

Miaka ya 2000 ilileta jambo jingine. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki waliunda chama chao, CHAWAKAMA, na makongamano yake yamekuwa yakihama kutoka nchi moja hadi nyingine. Humo wanafunzi wa shahada ya kwanza husimama mbele ya wenzao wa nchi jirani na kuwasilisha mada zao kwa Kiswahili, huku Mganda akimwuliza Mtanzania na Mkenya akiwapinga wote wawili. Ubora wa mada hutofautiana sana, kama ulivyotofautiana Makerere. Tofauti kubwa ni kwamba lugha ya swali ni lugha ambayo hata mzee wa Ilongero anaifahamu.

Hata hivyo, anayedhani kwamba kwa kuondoa Kiingereza tatizo limekwisha, na ajaribu kuandika Kirimi kwa herufi za Kiswahili. Kirimi kina irabu saba; Kiswahili kina tano. Kirimi ni lugha ya toni, na wanaisimu wanaifahamu kwa sifa moja ya pekee iliyoelezwa na Howard Olson mwaka 1964 na kuchunguzwa tena na Thilo Schadeberg baadaye: toni ya juu ya silabi moja husikika kwenye silabi inayoifuata. Maandishi ya Kiswahili hayana nafasi ya toni hata kidogo. Mwanafunzi anayenukuu wimbo wa bibi yake kwa tahajia ya shuleni huwa ameacha nje irabu mbili na muziki wote, kisha huweka tafsiri ya Kiswahili chini yake na kusema kwamba amehifadhi. Kosa lililofanywa na Kiingereza dhidi ya Kiswahili linaweza kufanywa na Kiswahili dhidi ya Kirimi, tena kwa nia njema zaidi.

Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, umewazoesha wanafunzi kuorodhesha maneno ya lugha za jamii kwa uangalifu zaidi, na katika kamusi zake Kiswahili husimama kati ya lugha ya jamii na Kiingereza kwa uwazi, katika safu yake yenyewe, ambapo msomaji anaweza kukiona na kukikagua. Mpangilio huo wa safu tatu ni wa kamusi tu, lakini ungefaa kwa anthropolojia pia: maneno ya mhojiwa kwa Kirimi pamoja na alama za toni, maelezo ya mhoji kwa Kiswahili jinsi yalivyotolewa siku ile, na uchambuzi katika lugha ya kongamano lolote litakalofuata. Mbuya ingebaki mbuya katika safu ya kwanza, na “hawara” ingeonekana katika safu ya pili kuwa ni uamuzi wa mtu fulani, si maana ya neno.

Kwa upande wa Wilwana, safu ya kwanza bado ni nyeupe kwa sehemu kubwa, na ni Wilwana waliobaki nje ya vitabu vyote viwili. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa akichunga Ilongero wakati Schneider yuko kwa Wahi mwaka 1960, sasa amepita miaka 80.